Makumbusho ya ughaibuni bila kupigwa bei

Tangu Januari 14, 2026, lango la Louvre jijini Paris lina bei mbili. Mfaransa, Mjerumani na wenzao wa Eneo la Uchumi la Ulaya wanalipa yuro 22. Mtanzania, Mkenya, Mmarekani na Mchina wanalipa yuro 32. Kwa viwango vya siku hizi hiyo inakaribia Sh90,000 za Tanzania, au kama Sh4,800 za Kenya, kwa kichwa kimoja, kabla mtu hajanunua hata chupa ya maji. Rais Emmanuel Macron alitangaza mpango huo mwaka mmoja kabla, alipoeleza ukarabati mkubwa ambao jumba hilo linauhitaji. Wako wafanyakazi wa Louvre walioupinga wakisema ni ubaguzi.

Sisi wa huku hatuna haki ya kushangaa sana. Anayekwenda Fort Jesus, Mombasa, hukuta ubao wa viingilio wenye ngazi zake: raia, mkazi, mgeni. Serengeti na Ngorongoro ni hivyohivyo, na kwa miaka mingi tumepita malangoni kwa shilingi huku Mzungu aliye nyuma yetu akihesabu dola. Tofauti ni kwamba safari hii mgeni ni wewe.

Hata hivyo masharti ya Louvre yanastahili kusomwa hadi mwisho, maana hayaangalii pasipoti peke yake, yanaangalia na makazi. Kijana wa Kitanzania anayesoma Leipzig na mwenye kibali cha ukaaji cha Ujerumani halipi bei ya mgeni. Na kama hajafikisha miaka 26, halipi kabisa. Mtoto aliye chini ya miaka 18 anaingia bure, awe ametoka Lyon au Liwale. Kwa hiyo baba na mama wenye watoto watatu wanalipa yuro 64, si 160. Na kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, isipokuwa Julai na Agosti, milango huwa wazi bure kuanzia saa kumi na mbili jioni kwa aliyewahi kuhifadhi nafasi.

Yuro 32 zinauma, lakini angalau zinajulikana. Pesa inayopotea kimyakimya ni ile anayolipa msafiri kwa mtu ambaye hata si mwenye makumbusho.

Roma ndiyo shule ya jambo hili. Tiketi ya kawaida ya Colosseum ni yuro 18. Hudumu kwa saa 24 na inakuingiza pia kwenye magofu ya Foro Romano na kilima cha Palatino. Kwa muda mrefu, aliyeingia kwenye tovuti rasmi kuitafuta alikuta imekwisha, kisha akaikuta imejaa tele kwa mawakala, kwa bei ya mara mbili au zaidi, imefungwa pamoja na ziara au huduma ambayo hakuiomba. Wenyewe Waitaliano walichoka. Aprili 2025 mamlaka yao ya ushindani wa biashara iliitoza faini kampuni iliyokuwa imepewa kazi ya kuuza tiketi hizo, pamoja na kampuni sita za utalii, jumla ya karibu yuro milioni 20. Baadhi ya kampuni hizo zilikuwa zikitumia programu za kompyuta kuzifagia tiketi mara tu zinapotolewa. Huo ni ulanguzi wa kawaida, ila unafanywa na mashine badala ya kijana mwenye kibunda cha noti uwanja wa mpira.

Dawa iliyoletwa ni tiketi kuandikwa jina, tangu Oktoba 2023, na jina hilo kukaguliwa getini pamoja na kitambulisho. Hapo Waswahili tuwe macho. Wengi wetu tuna majina matatu, na tunaitwa kwa moja ambalo wakati mwingine halimo hata kwenye pasipoti. Jaza jina kama pasipoti inavyosema, kwa mpangilio uleule. Mama Zawadi wa nyumbani hajulikani na mlinzi wa Roma.

Ng'ambo ya mto Tiber, Vatikani, mambo yanahamia barabarani. Kiingilio cha Makumbusho ya Vatikani ni yuro 20 dirishani, na ukihifadhi mtandaoni unaongeza yuro 5. Lakini kabla hujaufikia ukuta, watakupokea vijana wenye vitambulisho shingoni na miavuli ya rangi, wakikuambia foleni ni ya saa tatu, wao wana mlango wao, njoo haraka, zimebaki nafasi mbili. Aliyewahi kushuka stendi ya mabasi ya Ubungo enzi zake anawafahamu vijana hao. Ni wapiga debe, wamebadilisha lugha tu. Wengi wao si matapeli. Watakuingiza kweli, kwa bei ambayo ndani yake kuna tiketi ya yuro 25 na kamisheni ya watu kadhaa.

Njia ya kuwakwepa ni rahisi ukiwa bado nyumbani. Anza na tovuti ya makumbusho yenyewe, si na jibu la kwanza ambalo mtambo wa kutafutia umekuletea, kwa sababu majibu ya juu mara nyingi ni matangazo yaliyolipiwa. Tovuti ya Vatikani huishia na herufi “.va”, ambazo hakuna wakala wa mjini anayeweza kuzipata. Ya Colosseum ina neno “colosseo.it” mwishoni. Ukiona mtu anakuuzia tiketi ya kuingia British Museum, basi hapo hakuna haja ya uchunguzi: kuingia mle ni bure. Anachokuuzia ni ziara ya kuongozwa, na kama umeitaka ziara, sawa, lipa ukijua unalipia nini. Kiongozi mzuri ndani ya Vatikani anaweza kuwa na thamani kuliko tiketi yenyewe, kwa kuwa bila maelezo kumbi zile hugeuka kuwa matembezi marefu ya kutazama dari.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo vitabu vya wasafiri vya Ulaya havilisemi, kwa sababu wanaoviandika halijawahi kuwagusa. Ushauri wao ni mmoja: nunua mapema, miezi miwili au mitatu kabla. Ni ushauri mzuri kwa asiyehitaji viza. Msafiri wa Dar es Salaam, Nairobi au Kampala anaomba viza ya Schengen kwa yuro 90 ambazo hazirudi hata akinyimwa. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Jibu kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini linaweza kusogea hadi 45. Anayenunua tiketi za makumbusho kabla ya jibu anacheza kamari, maana tiketi nyingi za aina hii hazirudishwi pesa. Na hakuna anayemlazimisha: orodha ya nyaraka za viza inadai bima, malazi, mpango wa safari na uthibitisho wa fedha. Tiketi ya kumwona Mona Lisa haimo.

Kwa bahati, yale makumbusho yanayogombaniwa sana hayauzi mapema kiasi hicho. Colosseum hutoa tiketi zake siku 30 kabla. Vatikani hufungua kalenda takriban miezi miwili mbele. Nyumba ya Anne Frank, Amsterdam, ambayo haiuzi tiketi mlangoni wala kupitia kwa wakala, hutoa nafasi zote za wiki moja kila Jumanne saa nne asubuhi ya kwao, kwa ajili ya wiki ya sita inayofuata. Hapo pana mtego wa saa. Tovuti itaandika 10:00. Hiyo ni saa nne, si saa kumi, na ni ya Amsterdam. Wakati wa kiangazi chao, kwetu inakuwa saa tano asubuhi. Wakati wa baridi, saa sita mchana. Ukiingia alasiri ukidhani umewahi, utakuta siku zako zote zimekwisha.

Kwa hiyo panga safari kinyume na wanavyopanga Wazungu: viza kwanza, na viza iombwe mapema kadiri inavyoruhusiwa, ili ikitoka bado kuna wiki sita au saba mbele. Siku pasipoti inaporudi, anza na kile kinachokwisha haraka kuliko vyote. Kama unapita Amsterdam, ni Anne Frank. Kama ni Italia, ni Colosseum. Louvre inaweza kusubiri siku chache. Vingine vingi havihitaji haraka yoyote.

Malipo nayo yana vitimbi vyake. Kadi ya benki ya hapa nyumbani mara nyingi huwa haijafunguliwa kwa ununuzi wa mtandaoni mpaka mwenyewe aombe, na kiwango cha juu cha kutumia kwa siku huwa kidogo kuliko tiketi za familia. Shughulikia hilo benki kabla hujaketi kwenye kompyuta. Wasio na kadi hutumia kadi pepe za mitandao ya simu, kama ile ya M-Pesa, nazo hufanya kazi kwenye tovuti nyingi za makumbusho. Tatizo kubwa ni namba ya siri ya mara moja inayotumwa kwa ujumbe wa simu kuthibitisha malipo. Ukiwa Paris na laini yako ya Tanzania haishiki mtandao wa nje, ujumbe hauji, dakika zinahesabika, na kikapu chako kinafutwa. Nunua ukiwa bado nyumbani. Na mashine au tovuti ikikuuliza kama unataka kulipa kwa shilingi au kwa yuro, chagua yuro. Ubadilishaji unaofanywa na muuzaji karibu kila mara ni ghali kuliko wa benki yako.

Wapo wanaoamini kuwa mtandaoni ni nafuu siku zote. Musée d'Orsay ya Paris, ng'ambo ya mto Seine ukitoka Louvre, iko kinyume: tiketi ya mtandaoni ni yuro 16, ya dirishani 14. Hizo mbili za ziada ni ada ya kuruka foleni. Msimu wa baridi, siku ya mvua ya katikati ya wiki, foleni yenyewe huenda isiwepo. Alhamisi kuanzia saa kumi na mbili jioni bei hushuka zaidi, kwa kuwa siku hiyo wanafunga usiku. Halafu kuna ile pasi ya makumbusho ya Paris ya saa 48, 96 au 144, ambayo mawakala huisifia sana. Inalipa kwa mtu mwenye miguu ya chuma, anayeingia majumba matatu kwa siku. Anayependa kukaa mbele ya picha moja nusu saa atakuwa amelipia milango ambayo hataifungua. Na hata ukiwa na pasi, Louvre bado inakutaka uhifadhi saa yako.

Mimi ningemwambia mgeni wa Paris mwenye pesa ya kuhesabu aende Carnavalet, makumbusho ya historia ya jiji, au Petit Palais. Mikusanyo ya kudumu ya yote mawili ni bure, siku zote, kwa kila mtu, bila swali la pasipoti.

Siku za bure ndizo kila mtu anazitafuta, nazo zipo. Prado, jijini Madrid, hufungua bure saa mbili za mwisho za kila siku: Jumatatu hadi Jumamosi kuanzia saa kumi na mbili jioni, Jumapili kuanzia saa kumi na moja. Makumbusho ya serikali ya Italia, pamoja na Colosseum, ni bure Jumapili ya kwanza ya mwezi. Vatikani ni Jumapili ya mwisho, kuanzia saa tatu asubuhi, na anayefika baada ya saa sita na nusu haingii. Lakini bure ina gharama zake. Foleni ya Jumapili hiyo huzunguka ukuta wa Vatikani tangu alfajiri, na ndani watu wanasukumana. Kama umelipia chumba cha Roma kwa siku mbili tu, kutumia nusu ya siku moja kwenye foleni ili kuokoa yuro 25 ni hesabu mbovu. Prado ni tofauti. Saa mbili za jioni zinatosha kwa Velázquez na Goya, na anayetaka zaidi anarudi kesho, bure tena.

Tena siku hizi za bure si za kuaminika milele. Berlin ilikuwa na Jumapili moja ya bure kila mwezi kwa makumbusho mengi ya jiji. Bajeti ilipobana, mpango ukafa mwishoni mwa 2024, na mtandaoni bado zimejaa kurasa zinazoutangaza. Angalia tarehe ya unachokisoma.

Si wote wanaosafiri kwenda Ulaya. Wafanyabiashara wa Kariakoo wanaijua Guangzhou kuliko wanavyoijua Dodoma, na wengi hawajui kwamba Makumbusho ya Guangdong, jumba kubwa katikati ya jiji hilo, ni bure. Kinachotakiwa ni kuhifadhi nafasi kwa namba ya pasipoti. Anayefika Beijing analipa yuan 60 kuingia Kasri la Kale la wafalme, au 40 kuanzia Novemba hadi Machi, lakini hakuna dirisha la tiketi mlangoni. Nafasi hutolewa siku saba kabla na huisha upesi. Istanbul, Hagia Sophia inamtoza mtalii wa kigeni yuro 25 tangu Januari 2024, ilhali anayeingia kuswali ana mlango wake na halipi. Cairo, Makumbusho Makuu ya Misri yaliyofunguliwa rasmi Novemba 2025 yana bei ya mgeni ya pauni 1,450, Mmisri analipa 200. Mwanafunzi wa kigeni mwenye kitambulisho analipa karibu nusu ya bei ya mgeni, na vijana wetu wa Al-Azhar wasisahau kadi zao bwenini. New York nako, shemeji yako anayeishi Bronx anaingia Metropolitan kwa kiasi anachopenda mwenyewe kwa kuwa ni mkazi wa jimbo. Wewe uliyemtembelea unatoa dola 30. Mchukue shemeji, pandeni basi hadi Washington, ambako majumba ya Smithsonian hayatozi mtu yeyote, likiwemo lile la sanaa za Afrika. Lile la historia ya Wamarekani weusi, lililofunguliwa 2016, linataka tu uhifadhi saa.

London ndiyo neema ya msafiri asiye na pesa, mradi awe na viza ya Uingereza, ambayo ni ombi jingine kabisa na malipo mengine. Makumbusho ya taifa yote hayana kiingilio tangu Desemba 2001, na British Museum yenyewe haikutoza kiingilio ilipofungua milango 1759. Kinacholipiwa ni maonyesho maalumu. Sanduku la michango lipo mlangoni na hakuna atakayekukazia macho ukilipita. Ila bure hiyo haifiki kila mahali: ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa na maofisa wa kikoloni 1902, imehifadhiwa ghalani mwa British Museum, Bloomsbury. Mpokomo akisafiri mpaka Bloomsbury atapita mlango mkuu bila kulipa senti, ila ngoma ya babu zake hataikuta kwenye ukumbi wowote wa maonyesho.

Wakongo wa Brussels wanaifahamu habari ya aina hiyo. Makumbusho ya Afrika yapo Tervuren, pembezoni mwa jiji, mahali ambapo mwaka 1897 Mfalme Leopold II aliwaleta Wakongo 267 waonyeshwe kama maonyesho. Saba kati yao walifia hapo. Makumbusho yalifunguliwa upya Desemba 2018 baada ya kukarabatiwa. Jumatano ya kwanza ya mwezi, kuanzia saa saba mchana, hayatozi kiingilio, na tramu namba 44 kutoka Montgomery inakufikisha kwa nauli ya kawaida ya mjini kupitia msitu mzuri sana.

Na kama ni Berlin, na mfukoni una kiingilio cha jengo moja tu, basi usikitumie ovyo. Mikusanyo ya Humboldt Forum kuhusu Afrika ni bure, anza nayo. Halafu nenda ukalipe kwenye Makumbusho ya Elimu ya Viumbe, Invalidenstraße. Katikati ya ukumbi amesimama dinosaria wa urefu wa mita 13.27 kutoka chini hadi utosini, na sehemu kubwa ya mifupa yake imetoka Tendaguru, Lindi. Kati ya 1909 na 1913 zaidi ya tani 200 za mifupa zilichimbwa huko na kubebwa na wapagazi, siku kadhaa kwa miguu hadi bandarini. Msimamizi wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani. Mjadala wa kuirudisha umefika hadi bungeni Dodoma. Kwa sasa Mmakonde na Mmwera wanalipa sawa na Mjerumani, na kwa jengo hilo hakuna haja ya wakala wala ya kuamka alfajiri: tiketi hupatikana mlangoni, treni ya U6 inasimama karibu kwenye kituo chenye jina la makumbusho, na siku ya kuepuka ni Jumatatu, wanapofunga.